Senene kwenye Skrini ya Bosi

Jumatano, Kahororo

Hatimaye nimemng'oa! Kila nikibadilisha picha ya skrini ya ofisini, kompyuta ikiwashwa upya picha ya bosi inarudi palepale, na tai yake. Leo nikaipekua rejista ya mfumo, kompyuta inakohifadhi mipangilio yake, folda ndani ya folda, mpaka nikaupata mpangilio unaomrudisha. Sikuufuta. Niliuelekeza kwenye picha niliyopiga nyumbani Jumapili: sinia la senene, wale panzi watamu, wa kukaanga.

Bosi alipoiwasha kompyuta, wafanyakazi wote tuliinama kuficha vicheko. Akakodoa macho, kisha akanigeukia.

"Anitha, hilo si sinia lako? Na si uliniambia msimu huu hukupata senene hata mmoja?"

Sasa nimekumbatia bakuli la waliobaki, najiuliza nikimpelekea kesho, heshima ya bosi ni vijiko vingapi.

Viwili vinamtosha.