Wanataka Apumzishe Vidonge Aonje Pombe ya Sadaka

Anti Margareta, shikamoo. Nilitaka nianze vizuri, nikuulize hali na habari za nyumbani, lakini nimeshika kalamu nikiwa na hasira na mtoto yuko mgongoni analia, kwa hiyo nisamehe, naomba tu unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo naliwaza tangu juzi nikipeta mchele, na jambo lenyewe nitakuambia mwishoni nikipata ujasiri.

Mimi ni mke wa Amedeus, tunakaa Viwanja Sitini hapa Ifakara, tuna watoto wawili, Justa anayesoma chekechea na huyu wa mgongoni. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na miaka yote niliyomjua alikuwa mlevi, sisemi mnywaji, nasema mlevi, wa kuanza asubuhi kabla ya chai ili mikono iache kutetemeka apate kushika gunia. Mwaka jana alijaribu kuacha mwenyewe kwa kiapo, akasema leo basi, akamwaga gongo chooni, mimi nikapiga vigelegele kama mjinga, kumbe kesho yake jasho linamtoka kama mtu aliyenyeshewa, anafukuza wadudu ukutani ambao hawapo, mwisho akaanguka pale pale mashineni akakakamaa, povu mdomoni. Wapo waliosema mashetani, wapo waliosema mpeni kidogo atulie, mimi nikasimamisha bajaji tukampeleka hospitali. Huko ndiko nilikoambiwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba mwili uliozoea pombe nyingi ukikatiwa ghafla unaweza hata kufa, na kwamba zipo dawa za kuutuliza mpaka uzoee. Wakamlaza, wakampa hizo dawa pamoja na vitamini, na aliporudi nyumbani alimfunga Justa kifungo cha sare, kile kidogo cha shingoni, kwa mikono iliyotulia, mara moja tu bila kukosea, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Baadaye daktari akamuuliza kama anataka vidonge vingine vya kumlinda asirudi nyuma. Akamweleza mbele yangu kwamba ukimeza hivi halafu ukanywa pombe, hata kidogo, utaumwa vibaya, moyo utakwenda mbio, utatapika, unaweza kuzimia, kwa hiyo ni dawa ya mtu aliyeamua. Amedeus akasema, "Nimeamua." Yeye, Anti, siyo mimi. Pakiti akanipa mimi niitunze kwa sababu alisema bado hajiamini. Basi kila asubuhi Justa anabeba kikombe cha maji kwa mikono miwili anasema, "Baba, dawa," naye anajibu, "Asante, nesi," anameza, anafungua mdomo ili mtoto akague, mtoto anachungulia mpaka kooni kama anatafuta kitu kilichopotea. Nyumba yetu imekuwa nyumba kwa sababu ya hicho kikombe.

Sasa njoo uone ukoo. Baba mkwe alifariki kabla ya mvua, amezikwa kijijini kwao Kiberege, na mpunga ukishaingia ndani, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, ni sadaka ya kumaliza msiba. Kwa ukoo wao mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayemwaga pombe kaburini na kuonja wa kwanza, asipoonja hakuna anayekunywa, na mtoto wa kwanza ni Amedeus wangu. Tukaitwa Kiberege kupanga. Tulifika tumechoka, vumbi hadi kwenye kope, wifi yangu Balbina akaleta bakuli.

"Kaka, karibu togwa."

Nikauliza mimi, "Togwa ya lini, wifi?"

"Heee! Mama Justa, hata togwa unaikagua? Ya leo. Au unataka nikuletee na cheti?"

Watu wakacheka, na mimi nikaona haya. Amedeus akanywa kwa kiu ya njia. Haikupita muda uso ukamvimba ukawa wa moto, macho mekundu, moyo unapiga hadi shati linatikisika, akatapika mpaka akakosa cha kutapika, akaanguka upande. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati yangu na mdogo wake Fulgence tukakimbilia zahanati, na nyuma yangu nasikia Balbina anapiga kelele kwamba nimemlisha kaka yake limbwata ili asile wala kunywa kwa ndugu zake.

Mungu akasaidia akapata nafuu. Tuliporudi nikamlaza ndani, kisha nikamkaba Balbina kwa maneno mpaka akasema, tena bila aibu, kwamba ile togwa ilikuwa ya siku nyingi imeshachachuka, na juu yake alimwongezea pombe ya komoni. "Nilikuwa namjaribu tu, nione kama ni kweli hivyo vidonge havitaki pombe." Anti, mtu unamjaribu kwa roho yake! Nikadhani sasa ukoo utamgeukia yeye. Thubutu. Baba mdogo Stanislaus, ambaye ndiye mkubwa sasa, akasema mbele ya wote, "Dawa ya hospitali inatibu. Haiwezi kumchagulia mtu cha kunywa nyumbani kwa baba yake. Hiyo siyo dawa, hiyo ni kamba." Balbina akadakia, "Mwanamume mzima anafunguliwa mdomo kila asubuhi kama kuku anayepewa dawa ya kideri!" Wakacheka. Hata Fulgence alicheka, kisha akainamisha uso. Mimi nilikuwa nafua shati lenye matapishi ya mume wangu, nasikia kicheko hicho.

Wameamua hivi. Wiki ya sadaka Amedeus apumzishe vidonge, niende na pakiti niikabidhi kwa Baba mdogo, aonje pombe ya baba yake kama mtoto wa watu, na baada ya hapo kama nataka kumrudishia nimrudishie. Nisipokubali, nisikanyage Kiberege, na wataandaa kikao cha kumtafutia Amedeus mwanamke asiyemfunga kwa dawa.

Na mimi ningewastahimili wote hao, ningesema ni watu wa mbali, wanakuja wanaondoka. Kinachoniunguza ni jana. Amedeus amekaa kizingitini anavua viatu, hanitazami, anasema, "Mama Justa, wiki moja tu. Nitaonja, nitatema. Mzee ni baba yangu." Nilimtazama mpaka macho yakauma. Mimi ndiye niliyemshika kichwa alipokakamaa, mimi ndiye niliyemshikilia kwenye ile pikipiki, ananiambia wiki moja tu! Nikabeba sufuria nikatoka.

Haya, jambo lenyewe ninaloliwaza. Nawaza nimwambie sawa, pumzika, halafu kila asubuhi nisage kidonge nikitie kwenye uji wake asijue, akifika kaburini mwili wake mwenyewe umkatalie. Na Mungu anisamehe, nimewaza pia kuisaga pakiti nzima niitie kwenye mtungi wa Balbina, wanywe wote, wavimbe nyuso wote, wajue kama ni limbwata. Kinu ninacho. Niambie nifanye nini, na jina langu usifiche, Kiberege nzima wananijua tayari.

Mimi Mama Justa,
Viwanja Sitini, Ifakara

*

Marahaba, Mama Justa. Mshushe huyo mtoto mgongoni, ukae, unywe maji. Kisha hicho kinu ukirudishe kulikotoka, maana tutaanza na hicho.

Una haki ya kukasirika, na hasira yako nimeisoma huku nami nikiwa nayo. Lakini usithubutu kusaga hata nusu ya kidonge. Leo Amedeus anajua alichomeza, ndiyo maana anajilinda. Ukimwekea kwenye uji, yeye ataamini yuko salama, hataishia kuonja tone, atakunywa kikombe kizima ili ndugu waridhike, na utamuua mumeo juu ya kaburi la baba yake. Mtungi ndiyo usiseme kabisa. Kuna wazee pale wenye presha, kuna wenye moyo mbovu, kuna huyo Fulgence aliyekimbia na wewe kwenye pikipiki. Hivi sasa Balbina ni mwongo. Siku utakayosaga, utakuwa umemfanya msema kweli.

Sasa hiyo wiki moja. Kidonge cha aina hiyo hakitoki mwilini kwa sababu Baba mdogo amekitaka kitoke. Mtu aliyekimeza anaweza kuumwa akinywa pombe hata wiki mbili baada ya kile cha mwisho, na kuonja na kutema bado ni kuonja. Kwa hiyo mpango wa ukoo ni kumrudisha pale pale kwenye togwa ya Balbina, ila safari hii kwa baraka za wazee. Na hata akikaa bila vidonge mpaka viishe mwilini, niambie, mtu aliyekuwa anakunywa kabla ya chai ataonja kwa baba yake halafu amalizie wapi?

Wewe Balbina, najua gazeti hili linafika Kiberege hata kama ni la kufungia vitumbua. Kumdanganya mtu anywe kitu kinachoweza kumsimamisha moyo hakuitwi kujaribu. Ukirudia, watakaokuhoji hawatakuwa wa ukoo wako.

Na wewe Baba Justa, mkeo siye aliyeamua, ni wewe, kwa mdomo wako, mbele ya daktari. Umemwachia atunze pakiti, sawa, lakini umemwachia pia atukanwe kwa ajili yake, na wakati wifi anamcheka wewe ulikuwa umelala unaumwa, tukakusamehe. Jana hukuwa unaumwa. Kama unampenda baba yako, mzee amelala Kiberege anahitaji mtoto aliye hai.

Mama Justa, nawe nikugombeze kidogo. Umebeba sufuria ukatoka. Rudi. Keti naye, mwambie yale ya kushika kichwa na yale ya pikipiki, mwambie uliyoniandikia mimi, kwa sababu nadhani hayajui. Kisha mrudishie pakiti mkononi. Ndiyo, mrudishie. Kila siku ambayo wewe ndiye unayeishika, watasema ni kamba yako. Mwache aseme mwenyewe, "Vidonge ni vyangu."

Halafu nendeni hospitali kwa yule yule aliyempa dawa, kabla ya mwezi kwisha, na Baba mdogo Stanislaus awe katikati yenu. Mfuate kwa heshima, mpe shikamoo yake, mwambie mnamhitaji kama mzazi. Mzee aliyesema dawa ni kamba alisikia habari hizo kwa Balbina, hajazisikia kwa daktari. Asikie mwenyewe ni kitu gani kilichomwangusha mtoto wa kaka yake. Daktari aambiwe pia habari ya ile siku ya togwa, amwangalie moyo.

Kuhusu sadaka, sitawafundisha Kiberege mila yao. Ila Amedeus anaweza kumwaga kwa mkono wake na Fulgence akaonja kwa niaba yake, wote wawili ni damu ya mzee, na Fulgence anawiwa na kaka yake kile kicheko. Hilo Amedeus alipeleke kwa Baba mdogo mapema, wakiwa wawili, wala asisubiri kubishana nalo kaburini. Ninyi msile wala kunywa chochote cha kuchachushwa huko, togwa hata ya leo, beba maji yenu.

Na kama Amedeus, baada ya haya yote, atasema bado anaacha vidonge? Mwili ni wake, hutamfunga. Mwambie amwone daktari kwanza, na wewe na watoto mbaki Ifakara siku hiyo. Akija kulewa tena, usimpe kidonge hata kimoja akiwa na pombe mwilini, na usimkubalie kiapo kingine cha kumwaga chupa chooni. Kuacha kwake ni hospitali, kama mara ya kwanza. Kurudi nyuma kwa mlevi hakufuti kile kifungo alichofunga.

Lakini sidhani itafika huko. Mtu aliyejibu "Asante, nesi" kila asubuhi hajasahau amejibu nini. Kwa hiyo Jumamosi hiyo, mkiwa mmeamkia Kiberege, asimeze chumbani kwa kujificha. Akae uani, watu wakiota jua, pakiti iwe mkononi mwake, amwite binti yake alete kikombe. Justa aseme maneno yake kama siku zote, akague mdomo mpaka kooni. Anayetaka kucheka kuku wa kideri acheke hapo, huku anamtazama huyo mtoto usoni.

Anti Margareta