Haya Mwanangu, Nimeshika

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Wajukuu wangu wanakula vizuri? Mimi nilikuwa mzima mpaka hospitali waliponilaza kwenye mashine ya picha za moyo. Daktari anasema upande wa chini wa moyo pana kivuli, kama vile damu haifiki. Anazungumzia kunipasua kifua. Naogopa, mwanangu. Baba yako halali, ameacha hata kukoroma.

Binti wa mashine lakini ana adabu. Kila akisema kwenye spika, “Mama, toa pumzi, ishike,” namwitikia, “Haya mwanangu, nimeshika.” Kwa makelele ya ile mashine sidhani ananisikia, ila siwezi kumnyamazia mtu anayenisemesha vizuri.

Mama yako

11 Machi

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Barua yako imenichekesha, kisha ikaniliza. Umeshika pumzi gani huku unaongea?

Mimi nawapiga watu picha hizo kila siku. Moyo umekalia msuli wa pumzi: ukivuta unashuka, ukitoa unapanda. Picha hupigwa vipande vipande, kila kimoja kwa pumzi yake, halafu huunganishwa. Wewe fundi cherehani unajua kitambaa kikisogea mistari haikutani. Huenda kivuli ni hicho tu. Nasema huenda, sitaki kukudanganya. Mwambie daktari ulikuwa unaongea, warudie kabla ya kisu.

Na unyamaze, Mama. Mara moja tu katika maisha yako.

Binti yako mchokozi

2 Aprili

Mama, shikamoo.

Mbona kimya? Nilisema unyamaze kwenye mashine, si kwenye barua! Silali. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo, na leo si salamu ya mdomoni. Nilisubiri majibu kwanza. Sikutaka kukutumia hofu nyingine.

Daktari aliposikia habari yangu alimwita binti wa mashine, tukacheka sote watatu. Wakarudia. “Mama, ishike.” Nikameza jibu. “Ishike tena.” Nikameza. Ulimi uliniwasha! Kivuli hakipo, mwanangu. Damu inafika kote, na kisu kimerudi kabatini. Nililia mbele za watu bila haya.

Nilipotolewa nilimshika mkono yule binti nikamlipa majibu yake yote: haya mwanangu, haya mwanangu, haya mwanangu.

Baba yako ameanza tena kukoroma. Nimekaa hapa pembeni yake namsikiliza, wala simgusi.

Mama yako