Maoni Yangu Yamefika kwa Florence

Natalina, asida, ugali wetu, iko kwa sufuria, bamia nimefunika. Mbakizie babu.

Asante kwa msaada wa asubuhi, mjukuu wangu. Kumbe mama yako Florence hakuwa akifuta maoni yangu kwenye blogu yake! Simu yangu ilikataza kuki, zile alama za kunitambulisha, basi kila nikiandika blogu inanisahau na maneno yanapotea. Yeye huko Kampala akadhani simsomi. Mimi nikadhani anaonea aibu maandishi yangu ya darasa la nne.

Kitendawili: nabisha hodi, nataja jina, mlango unasahau. Wewe umekitegua kwa kidole kimoja, ukaziruhusu kuki!

~~Usimwambie nililia.~~ Mwambie.

Amejibu: "Mama, kumbe unanisoma!" Nimekimbia soko la Custom kununua bando. Nina mengi ya kumjibu.

Nyanya yako