Njia ya Kitanda

Aabo, baba yangu mpendwa,

Juma lililopita watu wa kaunti walikuja mtaani kwetu kusimika vibao vya majina ya barabara. Ungecheka. Miaka yote hiyo hatukuwa na kibao hata kimoja na hakuna mgeni aliyepotea. Akiuliza, huambiwa apite kwa wauza nyasi, kisha aifuate Njia ya Kitanda hadi mwisho. Lakini kijana wa ofisi ya ardhi alikuja na orodha yake, na njia yetu ameiandika "Barabara ya Tatu".

Nilipoisoma, nilikuona wewe ndani ya maji.

Nilikuwa na miaka tisa. Mvua ilikuwa imeijaza laga, ule mto wetu wa msimu, na mtaa wetu ukatengwa na hospitali. Asubuhi Hooyo, mama yetu, akashikwa na uchungu, na hakuna gari lililothubutu kuvuka. Ulitoka nje ukaita kwa Kiswahili, si kwa Kisomali chetu, maana fundi baiskeli alikuwa Mkamba, na Komora, mkulima wa migomba, Mpokomo. "Njooni, tumbebe na kitanda chake!" Wakaja wote wawili. Mguu wa nne aliushika Haji Abdi, jirani yetu wa dukani, bila kuitwa na mtu.

Mkashuka lagani, kitanda mabegani, Hooyo juu yake akilia na kuomba dua. Mimi nilibaki ukingoni na kandambili zake mkononi. Maji yaliwafika kifuani. Sauti yako niliisikia mara moja tu: "Bolebole! Bolebole!" Mpaka leo, nikiwafundisha watoto Kiswahili, nikilifikia neno "polepole" ulimi wangu husita.

Kabla ya adhuhuri Hodan alikuwa amezaliwa. Na kabla ya Ijumaa njia ilikuwa imepata jina. Hooyo hakulipenda. "Mji mzima unajua nilipita hapa nikilia," alikulalamikia, nawe ukamjibu, "Mji mzima unajua ulifika."

Basi kwenye baraza la chifu nilinyanyuka nikamwambia yule kijana kwamba njia yetu ina jina. Akatabasamu kwa adabu. "Kitanda? Mwalimu, watu watatucheka."

Nilianza kusimulia. Hapo ndipo Haji Abdi alipoinuka. Amezeeka, Aabo, hata kusimama humchukua muda.

"Mimi na baba ya huyu," alisema, "tulikuwa hatusalimiani. Mwaka wa tatu huo, kwa sababu ya ua wa miiba. Mimi nasema umeingia kwangu, yeye anasema umeingia kwake. Siku ile nilisikia mama analia, nikatoka. Katikati ya maji nikateleza. Kitanda kikainama upande wangu. Yeye akanishika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kitanda, akaniita 'walaal'. Ndugu. Tulipofika ng'ambo sikuuliza tena habari ya ua."

Yule kijana akafuta maneno kwenye karatasi yake, akauliza kitanda huandikwa kwa herufi kubwa au ndogo. Nikamwambia kubwa.

Kibao kimeshasimama. Hodan alikipiga picha akaituma kwa jamaa zetu wote, mpaka Mandera. Hooyo anasema rangi yake mbaya, ila jana nilimwona akiwaonyesha wageni.

Nami nimebaki na swali. Haji aliposema kwamba hamkusalimiana miaka mitatu, niliona aibu. Nilikua nikila peremende za duka lake, nikimwita adeer, yaani ami, nikidhani mlikuwa marafiki tangu utotoni. Hukunisimulia habari ya ua hata mara moja, wala ile ya mkono wako majini. Nilipokuwa nikikuuliza juu ya siku ile, ulisema tu mvua ilikuwa nyingi.

Nimeisimulia hadithi hii maisha yangu yote, Aabo, kwa kiburi cha mtu aliyekuwepo. Kumbe nilikuwepo ukingoni tu.

Allah akurehemu na akupanulie kaburi lako.

Ni mimi, binti yako mkubwa.