Fundi Amechukuliwa, na Tundu Nililijua

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimefika mwisho wa akili zangu, nakuomba unisome mpaka chini hata kama mambo ya kompyuta yanakuchosha, maana si ya kompyuta tu, ni ya dada yangu.

Mimi ni mmoja wa watu wachache tunaotunza programu ya kuficha nyayo mtandaoni, ni programu huria, yaani ndani yake pako wazi kwa yeyote kusoma na kurekebisha, hatulipwi, tunajitolea tu, na mtu akiitumia anachoandika kinapitishwa kwenye kompyuta nyingi za watu wa mbali hadi asijulikane ametokea wapi. Dada yangu mkubwa ni nesi wa wodi ya watoto wachanga, na yeye na fundi wa mashine za oksijeni wa hospitali hiyohiyo walikuwa wakiandika kwenye ukurasa mmoja unaosomwa na wengi jinsi mashine zilivyokufa na jinsi watoto wanavyozikwa huku karatasi zikitaja ugonjwa mwingine, na programu waliyojifichia ni hii yetu, niliwawekea mimi mwenyewe kwenye simu zao, nikawaambia laleni usingizi.

Sasa nilikuwa natafuta kasoro nyingine kabisa, ya programu kula betri, ndipo nikaona kwamba mtandao ukikatika na kurudi, programu inatoka nje kwa muda mfupi bila kifuniko, na mwenye mtandao anaona simu ya nani inakwenda wapi, na mtandao wa hospitali ile, mshauri, unakatika kila saa. Nikawaandikia wenzangu, na sisi tuna sheria ambayo mimi ndiye huwasomea wageni, kwamba tundu la namna hii halitajwi kwa mtu wa nje, hata awe mkeo, mpaka dawa ipatikane, ijaribiwe, itolewe, na watumiaji wengi wawe wameichukua, kwa sababu ukilitaja mapema wawindaji watalikimbilia kabla ya wawindwa. Nikanyamaza. Tukiwa bado tunaijaribu hiyo dawa, fundi alichukuliwa getini mwa hospitali na watu waliokuja na gari lisilo na namba, na mpaka leo mkewe hajui alipo.

Toleo jipya lenye dawa limeshatoka, na kwa kawaida yetu tuliliandika "marekebisho madogo" ili lisiamshe mtu, na kweli halikuamsha mtu, dada hakulichukua, anasema hawezi kumaliza bando kwa ajili ya marekebisho madogo.

Kinachoniua ni hiki. Dada ameamua kwamba aliyewauza ni dobi wa hospitali, shoga yake wa miaka mingi, kwa kuwa ukiniacha mimi ndiye pekee aliyeijua siri yao, akanong'ona wodini kwamba dobi kamuuza fundi, sasa mama wa watu ametengwa, akikaa kula wenzake wanahama, nyumbani kwake wamemvunjia dirisha, na juzi nilikuwa mezani kwa dada nikamwomba simu eti nipige, nikaingia kwenye kumbukumbu za programu, nikaona imetoka uchi mara nyingi sana, nikamuuliza polepole kama haiwezekani ikawa si mtu. Akanitazama akasema, "Mdogo wangu, programu yenu haijatusaliti. Mtu ndiye katusaliti. Kikulacho ki nguoni mwako." Nikaendelea kula.

Nikisema, nimewageuka wenzangu na kuwaweka hatarini watu nisiowajua katika nchi nisizozijua. Nisiposema, nitamtafuta dada yangu kama mke wa fundi anavyomtafuta mumewe. Jina la programu tafadhali lifute. Nifanyeje?

Ni mimi, Mziba Matundu.

*

Mziba Matundu, jina la programu nimelifuta. Mengine nimeyaacha, ila jibu hili nakutumia wewe kwanza, halichapishwi mpaka dada yako awe salama.

Kwanza pole, na ni pole ya kweli, maana kufanya kazi bila ujira ili wengine wawe salama si jambo dogo. Sheria yenu siidharau. Hakuna anayetangaza sokoni kwamba kitasa chake kimekufa kabla hajapata kingine. Lakini hata siku zile ungeweza kumwambia dada yako neno moja, "iache kwanza", bila kumweleza sababu. Ni mtu mzima anayetunza siri nzito kuliko yako, angekuelewa. Hukumwambia kwa sababu ukishazoea kushika sheria, unaacha kufikiri.

Haya, nijibu. Hilo tundu unamficha nani? Kama unayaamini uliyoniandikia, wawindaji wameliona, wamelitumia, wameondoka na mtu. Waliobaki gizani ni dada yako, dobi, na hao wa nchi usizozijua, ambao nao wamesoma "marekebisho madogo" wakageukia upande wa pili wakalala. Kimya chenu kilianza kwa kuwalinda wao. Leo kinalinda jina lenu tu.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, ondoka uende kwa dada yako kwa miguu yako. Usipige simu wala usiandike ujumbe, wewe kuliko wote unajua kwa nini. Azime ile simu. Mwambie yote, na asilale nyumbani kwake wala asirudi kazini mpaka mjue kama jina lake limeshaonekana. Atakutukana. Dada mkubwa akitukana, mdogo huinamisha kichwa, hakuna aliyekufa kwa hilo. Kisha waandikie wenzako kwamba kuna mtu amechukuliwa, maana sidhani kama umewaambia. Wakikubali, watangaze wazi kwamba asiyechukua toleo jipya aache kuitumia leo. Wakikataa, tangaza wewe. Wakikufukuza, watakuwa wamekufukuza kwenye kazi isiyo na mshahara.

Kuhusu dobi sina huruma na wewe. Mwanamke anavunjiwa dirisha, nawe umeketi na jibu mdomoni, ukalimeza pamoja na chakula. Alitengwa mbele za watu, basi asafishwe mbele za watu. Nenda palepale anapokula peke yake, uwaambie wanaohama kwamba kilichomfichua fundi ni programu, si mdomo wa mtu, na programu hiyo uliileta wewe. Jina la dada usiliguse.

Halafu kuna mke wa fundi. Umemtaja mara mbili na hukuniuliza chochote juu yake. Bila shaka anazunguka kwenye vituo vya polisi na mochwari akimuulizia mumewe, na hajui hata waliomchukua walimjuaje. Mpelekee unachokijua, ili akipata wakili, awe na pa kuanzia. Usimpige chenga na habari za majaribio na matoleo. Mwambie kwamba siku ile mumewe anatoka nyumbani kwenda kazini, wewe tundu ulikuwa unalijua. Akikuuliza ulijua tangu lini, mtajie siku.