Bledi ya Kiti cha Limi

Jumatatu, 9 Juni

Nimepasua gogo la Mama Limi kwa msumeno wa mkanda. Bledi ya inchi moja, meno matatu kwa inchi, kama kawaida. Gogo nene linataka bledi pana na meno machache, makubwa, yapate kubeba unga wa mbao. Hilo nalijua. Miaka kumi na moja hapa Segese: nguzo za maduara, yale mashimo ya wachimbaji, milango, vitanda. Vyote vya kunyooka.

Mninga mzuri sana, una mistari myekundu. Mti ulianguka wenyewe shambani kwa baba yake, kijijini Samuye. Mbao safi zimetoka mbili tu. Nyingine zina nyufa, zitafaa miguu na mgongo wa kiti.

Kiti ni cha Limi. Miaka saba, shingo haishiki. Mama yake anauza dagaa amempakata, akichoka anamlaza mkekani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amechora mfano kwenye boksi: mabawa mawili ya kushika kichwa, yamepinda kama viganja. Anakuja Jumamosi.

Jumanne, 10 Juni

Nimeharibu.

Nilikata bawa kwa bledi ile ile. Kwenye kona ikagoma. Moshi. Nikasukuma. Ikakatika kwa kishindo, ncha ikapita karibu na sikio langu. Ubao mmoja umekwenda.

Mama Limi alipita kuulizia. Nikasema kazi inaendelea. Mwoga mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Shinyanga mjini kwa Mama Pili, anayeunga na kunoa bledi karibu na reli. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba huku anapitisha kidole kwenye ile iliyokatika.

"Ulikuwa unakata nini?"

"Kona, mama."

Hakucheka. Akapanga mezani sinia dogo, kisosi na kizibo cha soda.

"Bledi ya robo tatu inazunguka sinia. Ya nusu inchi, kisosi. Ya robo inchi, kizibo. Hii yako haizunguki kitu. Inajua kwenda mbele tu."

Akafunga ya robo inchi kwenye msumeno wake, akachora duara la kizibo kwenye kipande cha ubao, akalikata bila haraka. Ubao ulizunguka kwenye vidole vyake kama chapati. Nilisimama mdomo wazi. Miaka kumi na moja nina mashine hii, nilikuwa sijaijua.

Nimerudi na ya robo inchi, meno sita. Amesema nisiisukume, niisubiri.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nimekwenda sokoni nikamwambia Mama Limi ukweli.

"Umebaki mmoja?"

"Mmoja. Unatosha mabawa yote mawili, nisipokosea."

"Basi ukate nikiwepo."

Amekuja na Limi mgongoni, mkubwa mno kubebwa, miguu inaning'inia. Bawa la kwanza likatoka vizuri. La pili, katikati ya kona, umeme ukakatika. Nikazima swichi, nikabaki nimeshikilia ubao, bledi imo ndani. Ningeuvuta ningepinda bledi, au ningekwangua ile kona. Mikono ikafa ganzi. Mama Limi akaja, akashika upande wa pili bila kuambiwa. Nilimsikia Limi anapumua.

Umeme ukarudi. Nikawasha, nikasubiri mashine ishike mwendo, kisha nikaiacha bledi ikate yenyewe. Ikapita kwenye mstari wa penseli kana kwamba ilikuwa inaufahamu tangu zamani. Nikaweka kiganja ndani ya ule mpindo. Kikaenea.

Jumamosi, 14 Juni

Mtaalamu alimweka Limi kwenye kiti nilichokimaliza usiku, akamfunga mkanda kiunoni, akarekebisha mabawa, akaondoa mikono polepole.

Kichwa kikakaa.

Mtoto huyu miaka saba ameona mabati, mawingu na kidevu cha mama yake. Sasa alianza kutazama. Kwanza mikono yake. Kisha kuku. Kisha mimi, macho kwa macho, muda mrefu, kama mtu anayeuliza jina. Nikaona nimekuwa mdogo. Nikatazama pembeni.

Mama Limi alichuchumaa mbele yake, wakalingana nyuso. "Kumbe unafanana na babu yako," akamwambia. Kwangu alisema wabeja, mara moja. Asante ile imenielemea kuliko gogo.

Jumatano, 18 Juni

Milango mitatu leo. Bledi pana, mbao zimenyooka.

Mchana nimepita sokoni. Mama Limi alikuwa anapima dagaa kwa mikono yote miwili. Limi yuko kwenye kiti, anafuata bodaboda kwa macho mpaka inaishia kwenye vumbi, halafu anasubiri nyingine.

Sikuwasumbua.