Stamen Vranchev, Kocha Aliyenyang'anywa Daraja la Pili

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Baba, na hasira yetu haijapoa.

Majirani walitushauri tuandike maneno ya upole, kwa kuwa tangazo hili la kumbukumbu litabandikwa mlangoni kwetu, kanisani na kwenye geti la uwanja. Upole ulikuwa wako. Sisi mwaka huu hatunao.

Ulikuwa beki wa kushoto wa Yasen, timu yetu ya hapa, wakati kiwanda cha matofali bado kinatoa moshi, na timu ikapanda Daraja la Pili kwa mara ya kwanza. Iliposhuka, wenzako walihamia timu za miji mikubwa, Plovdiv na Sofia. Wewe ulibaki. Ikashuka tena na tena mpaka ligi ya wilaya, mkawa mnacheza vijijini, mkisubiri mbuzi waondolewe uwanjani. Ukawa kocha kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Jezi zilifuliwa hapa nyumbani. Mama alilalamika, "Nimeolewa na wanaume kumi na mmoja," nawe ukamjibu, "Na wa akiba, usiwasahau."

Kwenye benchi ulitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda juu ya viatu vyako mwenyewe. Hukumfokea kijana aliyekosea, hata mara moja. Siku Ognyan, kipa wetu, alipojifunga bao, watu walimsubiri nje wamtukane. Ulimshika mkono ukapita naye katikati yao. "Kwangu kuna supu ya maharage," uliwaambia. "Mwenye tusi la Ognyan aje alitoe mezani kwangu." Hakuja mtu.

Ilikuchukua nusu ya maisha kuirudisha Yasen Daraja la Pili. Siku mlipopanda ulilia mbele ya uwanja mzima, wewe ambaye hatukuwahi kuliona chozi lako. Hata jezi mpya hazijashonwa, mwenyekiti wa klabu, Kamen Todorakov, akaiuza nafasi yetu kwa timu ya matajiri wa mjini. Jina lao, jezi zao, daraja letu.

Ulimfuata ofisini kwake.

"Mzee Stamen," alikuambia, "mpira siku hizi ni biashara. Huko mjini utapewa kiti cha heshima."

"Kikalie wewe," ulimwambia. "Na biashara kafanye na kuku wako. Timu hii hukuifuga wewe."

Kesho yake geti la uwanja lilikuwa na kufuli. Ukawakusanya vijana waliobaki, ukaanza upya ligi ya wilaya, na umri wako ule, mkifanya mazoezi kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Mkahawani wazee wenzako walikutania: "Stamen, unafufua maiti?"

"Haijafa," ulisema. "Imeibwa."

Moyo wako ulisimama Novemba, ukiwa unafunga nyavu za goli. Hatusemi Todorakov alikuua. Daktari alisema moyo ule ulikuwa mchovu tangu zamani. Tunasema yeye ndiye aliyeuchosha.

Unapaswa kujua yaliyofuata. Timu ya mjini ilivunjika, na lile daraja likapotea na kuwa si lao wala si letu. Mwezi Juni vijana wako walitoka ligi ya wilaya wakapanda, bila wewe, kwa miguu yao. Walikuja kaburini moja kwa moja kutoka uwanjani, hawakubadilisha hata viatu.

Ndipo Todorakov naye akarudi. Sasa anataka uwanja uitwe kwa jina lako, na yeye akate utepe. Alikuja mlangoni na maua. Mama hakumkaribisha ndani.

"Bwana Kamen," alimwambia, "jina la mume wangu ni safi. Lako lioshe kwanza."

Akafunga mlango. Maua yalibaki kwenye ngazi mpaka yakakauka, na hakuna aliyeyagusa.

Jumapili hii baada ya ibada tutakuwa kaburini na ngano ya kuchemsha, mkate na divai, kama desturi yetu ya kuwakumbuka marehemu. Mnakaribishwa nyote, isipokuwa mmoja, naye anajijua.

Tunaokukumbuka ni mkeo Nevena, wanao Desislava na Plamen, dada yako Tinka, mkweo Lyuben, wajukuu wako, na vijana wote wa Yasen.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Wala hatutasahau ulichotendewa.